Daktari Niliyemtuma Molo

Leo nimemtuma daktari kwa farasi.

Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Mvua imekata simu zote tangu jana, kwa hivyo sisi wenye redio za mawasiliano ndio tunapitisha habari za dharura. Mimi niko hapa Nakuru nagawa zamu: nani aongee, nani angoje.

Asubuhi bwana mmoja mwenye shamba Molo akaingia hewani kwa kelele. "Mguu umevunjika! Tuma daktari sasa hivi!"

Kabla sijamjibu, Dundori ikaita. Alikuwa Kiptoo, dereva, anatumia redio ya tajiri wake. Sauti ya upole.

"Nakuru, mke wangu ana uchungu tangu jana na mtoto hatoki."

Nikamwambia, "Dundori, ngoja kidogo. Molo ametangulia."

Daktari mwenye gari la kupita matope alikuwa mmoja tu. Nikamtuma Molo.

Saa sita yule bwana akarudi hewani, amekasirika. "Mbona mmeniletea daktari wa watu? Farasi wangu anataka daktari wa mifugo!"

Jamani. Sikuuliza hata mguu ni wa nani.

Daktari akageuza gari, akapanda Dundori. Alifika jioni. Mama yuko hai, tunashukuru Mungu.

Mtoto hakuishi.

Kiptoo mwenyewe ndiye aliyenipa habari. Nikashika kipaza sauti, nikakirudisha mezani.

Akauliza, "Nakuru, bado uko? Asante kwa kututumia daktari."

Afadhali angenitukana.

Nyinyi mngemjibu nini?