Manase wa Recheli

Jirani yangu Recheli anafuga nyuki hapa Kipalapala, na ukimwona akifungua mzinga mikono mitupu utajua kwamba kumtisha ni kujichosha. Miaka kumi na tisa iliyopita alimkimbia mume aliyempasua kichwa, akarudi kijijini Choma kwa baba yake, Mzee Mahona. Mzee hakutaka kurudisha ng'ombe wa mahari, akamfungia mlango. Recheli akashika njia ya Nzega kwa miguu, akaja huku Tabora na kanga moja. Mzee alikufa bila hata kuuliza habari zake.

Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na moja, amejifungua mtoto wa kiume. Akasema ataitwa Manase. Marko, baba wa mtoto, akakubali. Marko hukubali mengi.

Katekista Adriano ndiye aliyekataa. "Mama, huyo Manase mfalme wa Yuda alijaza sanamu hekaluni, akampitisha mwanawe motoni! Wafalme wema wapo. Chukua Yosia. Chukua Hezekia."

"Kabla ya mfalme, jina lilikuwa la mtoto wa Yusufu," Recheli akamjibu. "Yusufu aliuzwa na ndugu zake. Alipozaa huko ugenini alisema Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba yote ya baba yake. Ndiyo maana ya Manase. Mfalme alilikuta jina lipo, akalichafua. Na hata yeye, alipofungwa pingu, hakutubu?"

"Alitubu," Adriano akasema kwa shingo upande.

"Basi andika."

Kumbe kazi ilikuwa bado. Mtoto akaanza kulia, mchana na usiku. Zahanati walisema ni tumbo tu, litapita. Lakini kwetu mtoto akilia hivyo watu husema kuna marehemu anadai jina lake, na kwa kuwa Marko hakutoa mahari, mtoto ni wa ukoo wa mama. Habari zikafika Choma. Akaja Elieza, mdogo wake Recheli, na shanga nyeupe za mizimu mfukoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Baba anataka jina lake. Mwite Mahona, umvike hizi, atanyamaza. Nawe urudi nyumbani. Wote wamekubali."

Recheli akakaa chini. Mimi ninayeandika haya, Agnetha, nilikuwepo, na nilijua ametamani kusikia neno hilo miaka yote kumi na tisa. Machozi yakamtoka. Nikadhani amekwisha, na sitaficha, nilikasirika.

"Elieza," akasema, "siku ile nililia pale mlangoni hadi kukacha. Baba alinisikia?"

Elieza akaangalia viatu vyake. "Alikusikia, dada."

"Basi na amsikie na huyu. Kunywa chai, kisha urudishe shanga zenu."

Chai hakunywa.

Jumapili nilimsimamia mtoto. Alipiga kelele tangu mlangoni hadi kwenye kisima cha ubatizo, na kina mama wa nyuma walikuwa wakinong'ona jina la Mzee Mahona, wala hawakujificha. Padri akauliza mtoto anaitwa nani. Recheli akasema. Padri hakusikia, akainama. Recheli akageuka, akawatazama wale wa nyuma, akasema tena kwa sauti iliyofika barabarani:

"Manase!"

Mtoto hakunyamaza. Alibatizwa hivyohivyo, akilia.