Nyasi za Wawira

Kuna mama mmoja pale Makutano, Meru, ambaye hufagia mbele ya kibanda chake cha chai kabla jua halijatoka vizuri. Hutumia ufagio wa vijiti, hujikunja mpaka uso ukaribie magoti, na huvuta polepole: shwaa, shwaa, shwaa. Halafu hunyunyiza maji kwa vidole ili vumbi lilale. Mimi ni fundi wa vyerehani, mtu wa kutangatanga. Leo niko Embu, mwezi ujao niko Isiolo, na nimeamshwa na kelele za kila aina katika vyumba vingi vya kukodi. Lakini sauti hiyo ya ufagio juu ya udongo hunishinda. Nikiisikia siwezi kuinuka mara moja. Hulala nikitazama mabati, na kabla yule mama hajamaliza kufagia, mimi nimeshafika Weru.

Msijisumbue kuitafuta Weru, wenzangu. Ilikuwa mbele ya Ruiri, pale ardhi inapoupa mlima kisogo na kutambaa kuelekea kaskazini bila kizuizi. Kwetu neno weru ni mbuga tupu, na watu walipofika hawakupoteza muda kutafuta jina jingine. Kulikuwa na nyasi tu, za kimo cha mtoto, za rangi ya chai ya maziwa. Upepo ukizipitia, uwanda mzima uliinama na kuinuka kama unapumua.

Sisi tulitoka mbali, upande wa Runyenjes, kwenye miteremko ya Embu ambako hata nguzo ya ua ikichomekwa huota majani. Baba alikuwa amepata kipande Weru pamoja na familia nyingine za kanisa, za Embu na za Meru. Tuliondoka kwa lori alfajiri. Mimi nilikaa juu ya magodoro, mbuzi akinitafuna shati, na Mama alikaa karibu nami akiwa amembeba mdogo wangu Wawira mgongoni. Miguuni mwake kulikuwa na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwa gunia bichi. Kila tulipovuka daraja aliniambia jina la mto. Thuci. Ruguti. Nithi. Aliyataja taratibu, kama mtu anayeaga nyumba kwa nyumba. Tulipoharibikiwa na gurudumu nilimwuliza kama bado tuko kwetu. "Bado tunavuka maji," alijibu. "Mtu akivuka maji hajapotea."

Tulipita Makutano jua likiwa limeegemea magharibi, tukateremka kuelekea Ruiri, na madaraja yakaisha.

Lazima niwaambie jinsi watu wetu walivyozichukia nyasi, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotupata. Kule tulikotoka, nyasi shambani ni uvivu, na nyasi mlangoni ni jambo baya zaidi. Walisema nyumba yenye nyasi mlangoni imekufa watu wake wote. Kwa hiyo watu wa Weru walianza kazi kwa kuchoma na kung'oa. Walilima mpaka kwenye mipaka, wakapalilia hata njia za kwenda kisimani. Wachungaji waliopita na ng'ombe wao walisimama wakatutazama, wakacheka kidogo, wakaendelea na safari.

"Ardhi hii ni mvivu tu," Baba alipenda kusema, akiupiga udongo kwa kisigino. "Imelala tangu Nuhu. Tutaifundisha kazi."

Na uwanja ulifagiliwa. Wanawake wa Weru walishindana kwa ufagio kama wengine wanavyoshindana kwa kuimba. Bingwa alikuwa Mama. Jirani yetu wa Kimeru, Mama Kinoti, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuwashtua kuku, alikuwa akisimama uani kwetu asubuhi na kuweka mikono kiunoni.

"Wewe Mama Njeru, mimi nikikuja kwako naogopa kukanyaga! Hii uwanja yako mtu anaweza kumwaga uji na ainywe hapo hapo."

"Karibu uji, lakini kunywa kwa kikombe," Mama alimjibu.

"Na huyu mlimaji wako naona ameanza tena!"

Mlimaji alikuwa Wawira. Alikuwa amejifunza kutembea huko Weru, na hakujua mahali pengine duniani. Alizipenda nyasi kama sisi tulivyopenda miwa. Alizisuka nywele, akazipa majina, akazing'oa vishungi kwa mizizi yake kando ya barabara, ambako jembe la mtu halikufika, akaja kuzipanda kwenye uwanja wa Mama. Hilo ndilo lilikuwa shamba lake. Kila jioni alipanda safu karibu na ukuta wa jiko, na kila asubuhi ufagio ulizizoa. Hakulia hata siku moja. Alisimama akiwa na tumbo mbele, akasema, "Mvua imekataa," kwa sauti ile ile ya Baba, tukacheka mpaka machozi.

Mama hakumwita Wawira. Mtoto alikuwa amepewa jina la nyanya, mama yake Mama, aliyefariki kabla hatujahama, na kwa desturi yetu Mama alimwita "mama yangu." "Mama yangu, njoo ule." "Mama yangu, toka kwenye moshi." Mgeni angedhani kuna bibi kizee ndani ya nyumba.

Mwaka wa kwanza tulivuna mahindi ya kujivunia. Wa pili, nusu yake. Migomba ya Mama ilikuwa imeshakauka zamani, ingawa aliimwagilia maji tuliyoogea. Kisha mvua ikakataa kwelikweli, na upepo wa kutoka mlimani ukashuka ukakuta udongo hauna kitu cha kuushika. Nyasi tulikuwa tumezimaliza. Vumbi likainuka. Lilianza kama moshi mwembamba juu ya shamba la kina Kinoti, baadaye likawa ukuta mwekundu uliokuja adhuhuri na kutufungia ndani. Tulilikuta kwenye ugali, kwenye Biblia, chini ya kope. Na Mama, kila ukuta ule ulipopita, alichukua ufagio akaanza upya. Kadiri vumbi lilivyozidi, ndivyo alivyozidi kufagia, na kadiri alivyofagia ndivyo alivyoliamsha. Hakuna hata mtu mzima mmoja aliyeliona hilo.

Wawira alianza kukohoa. Kwanza tulimtania kwamba anakohoa kama mzee wa kanisa. Baadaye kifua kikawa kinapiga filimbi usiku na mchana, na mabega yake madogo yakawa yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Mama alimpaka mafuta, akamfukiza majani. Baba alimfunga mgongoni mwake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamume wa kwetu akilifanya, akaelekea zahanati Ruiri kwa miguu, Mama akimkimbilia nyuma na chupa ya maji. Mimi niliachwa kwa Mama Kinoti.

Walirudi siku iliyofuata. Baba alikuwa bado amembeba mgongoni. Nilikimbia kuwalaki nikiita jina lake, na Mama Kinoti akanishika shati kwa nyuma, akanivuta kwenye tumbo lake kubwa, akanifunika masikio.

Tulimzika kando ya uwanja, karibu na ukuta wa jiko. Mchungaji aliomba kwa haraka kwa sababu ya vumbi. Mama hakupiga mayowe. Alisema neno moja tu, "Mama yangu," na wanawake waliomshika wakatazamana, kwa kuwa hawakujua ni yupi anayemlilia.

Baada ya hapo Weru ilianza kupungua. Familia moja ilikwenda Kianjai kwa shemeji, nyingine ikarudi Chuka. Mwalimu aliondoka na kengele ya shule. Kina Kinoti walipopakia vitu vyao, Mama Kinoti alisimama uani kwetu mikono kiunoni kama zamani, lakini hakupata utani.

"Mama Njeru, mnangoja nini? Hata mbwa wamehama."

"Sijui," Mama alisema. "Mimi nina mtu hapa."

Baba alitaka kuondoka. Kila jioni alilianzisha neno hilo, na kila jioni Mama alinyanyuka akaenda nje. Ndipo nilipoona jambo lililonitia aibu. Mama, bingwa wa ufagio, alikuwa akienda kando ya barabara, anang'oa vishungi vichache vya nyasi vilivyosalia, na kuvipanda juu ya kaburi. Alivimwagilia maji ya kunawia uso. Vingi vilikufa. Alipanda vingine. Asubuhi alifagia uwanja wote, akafika pale, akaupeleka ufagio kando, akapazunguka. Watoto wachache waliobaki waliniuliza kwa nini kaburi la dada yangu limeachwa kuota nyasi kama la mtu asiye na ndugu. Nilidhani huzuni imemvuruga Mama akili.

Mvua ndogo ilipokuja, ikichelewa kama ilivyozoea, nyasi zile zilishika.

Wiki hiyo hiyo Mama alimwambia Baba aite lori.

Siku tulipoondoka Mama alifagia uwanja mara ya mwisho, shwaa, shwaa, ingawa hapakuwa na mtu wa kuja kuuona. Baba naye alizunguka akikagua vitu, akaona kaburi lina nyasi za kufika kifundo cha mguu. Akalichukua jembe kutoka kwenye lori. Hakuwa na ubaya. Hakutaka mtoto wake aachwe kama mfu asiye na wenyewe. Aliinua jembe.

"Baba Njeru," Mama alisema. Hakupaza sauti. "Usiguse shamba la mama yangu."

Baba alibaki jembe likiwa juu. Kisha alilishusha polepole, akaketi kwenye udongo uliofagiliwa, akalia kwa sauti, mbele yangu na mbele ya dereva. Mimi nilitazama pembeni. Ilinichukua miaka mingi, na kuzika watu wangu mwenyewe, kutambua kwamba Mama hakuwa amevurugika. Alikuwa anangoja mizizi ishike, ili upepo usimchukue mtoto kama ulivyochukua shamba. Na siku ile Baba alikuwa amelielewa hilo kabla yangu.

Lori lilipowashwa, Mama alirudi mlangoni, akaegemeza ufagio ukutani, akaja akapanda juu ya magodoro. Nilimwuliza kama ameusahau.

"Hapana," alisema.

Vumbi la magurudumu liliinuka nyuma yetu likafunika nyumba, jiko na uwanja. Mama alitazama huko mpaka tulipofika Ruiri. Kisha tukapita Meru, tukakuta daraja la kwanza, na nilingoja aniambie jina la mto mpaka daraja likaisha.