Lugha Tatu za Nchi ya Rimbazi

Harufu ya turubai lililoloa, moshi wa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe, hiyo ndiyo hewa niliyovuta kwa miezi miwili nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Mto Tana ulikuwa umefurika, umemeza shamba letu karibu na Garsen, na sisi Wapokomo tukakimbilia mwinuko uleule waliokimbilia Waorma na mifugo yao. Maji hayachagui mtu, lakini watu huchaguana. Sisi tulikaa upande huu, wao upande ule, na katikati pakabaki uwanja ambao hakuna mtu mzima aliyeuvuka. Kabla ya mafuriko ng'ombe wao walikuwa wamekula mahindi yetu, Mama akawatukana hadharani, na moyo wake ulikuwa haujapoa. "Nikikuona na watoto wa watu wale," aliniambia, "mimi na wewe tutajuana."

Basi mwambie mtoto hivyo, halafu umwachie uwanja! Tulikutana watatu: mimi, Halima wa Kiorma, na Kadzo, Mgiriama ambaye mama yake aliuza mahamri pale kambini. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza, tena kila mkubwa alikielewa, kwa hiyo siri haikukaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zetu zilituambia tuunde nchi yenye lugha ambazo hakuna mkubwa angezijua. Tukaiita Rimbazi. Watu wa Maji, waliokaa chini ya mto, walisema kinywa wazi bila kukutanisha midomo hata mara moja. Watu wa Vumbi walisema meno yamebanwa, vumbi lisiingie. Watu wa Mbu walisema kwa pua, tena upesi, kabla hawajapigwa kofi. Kila siku tulisema lugha moja tu, na aliyekosea alibeba kuni za wenzake. Kimaji changu kilinyooka kuliko cha wote, nasema bila haya, na Halima mwenyewe alikiri.

Kisha Mama akashikwa na homa, maziwa yakamkauka. Mdogo wangu Jilo, wa miezi mitano, alilia kutwa nzima, halafu akaacha kulia, na huko kunyamaza ndiko kulikonitia hofu. Unga wa msaada ulikuwepo, lakini kitoto kile kingeufanyia nini? Ng'ambo ya uwanja mama yake Halima alikamua ng'ombe kila asubuhi, nasi tukimwona. "Nitamwombaje mtu niliyemtukana?" Mama akasema, akageukia upande wa pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama hakuweza, basi nikainama mimi. Nikachukua kikombe, nikavuka.

Nilikuwa nimejiandalia salamu ya Kiorma niliyoiokota kwa Halima. Lakini nilipomwona yule mama, mrefu, kibuyu mkononi, woga ukanivaa, kinywa kikaachama, kikatoka Kimaji. Kimaji kitupu! Nikakimwaga chote. Akanitazama juu mpaka chini. "Huyu mtoto iko mgonjwa ya kichwa?" Halima akaja mbio, akasimama wima kama karani wa korti, akatafsiri: "Anasema mdogo wake amelegea, mama yake hana maziwa, na mama yake anaomba radhi." La radhi sikulisema, wallahi. Mama Halima akacheka mpaka akaketi chini. Kikombe changu hakukijaza. Alibeba kibuyu kizima, akavuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye turubai letu.

Mama alijaribu kuinuka, akashindwa, akalia. Maziwa yakachemshwa, Jilo akanyweshwa kijiko baada ya kijiko, na jioni alipiga ukelele wa kutaka zaidi, ukelele mtamu kuliko wimbo wowote niliopata kuusikia. "Watoto kwisha ongea," Mama Halima akasema. "Sisi nangoja nini?" Tangu hapo nikaruhusiwa kucheza, na Halima akanifundisha Kiorma cha kweli, maana aliona aibu kuwa na rafiki wa Kimaji tu.

Siku hizi vijana wa Garsen wana Sheng yao. Wakubwa wanalalamika kwamba wanaharibu lugha. Mimi nawasikiliza kwa furaha. Ng'ombe bado huingia mashambani, na simu zote hizi hazijawafundisha watu kuombana radhi. Wafugaji na wakulima wakiitisha kikao, mimi ndiye mkalimani, na najivuna. Kwa nini nisijivune? Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kiorma aliniuliza, mbele ya watu wote, Kiorma safi namna hii nilikisomea wapi. Kabla sijajibu, Mama, aliyeketi mstari wa mbele, akainua mkono.

"Kambini," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Mwaka wa mafuriko, wakati mimi namkataza."