Bosi wangu Dubai aliniuliza achukue bastola gani ya kuwindia kulungu, mara ya kwanza nikamdanganya

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Naleta kisa changu mwenyewe na hakuna chai humu, hata maji sijabandika. Majina nimebadilisha kwa sababu huyu mtu bado ananilipa mshahara. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Wazee wa "picha iko wapi", leo naomba mnivumilie.

Mimi ni Mtanzania, huu ni mwaka wa sita niko Dubai. Naendesha gari kwa familia moja Mirdif.

Bosi tumwite Bwana Nassor. Ni raia wa hapa lakini wazee wake walitoka Unguja, na nyumba nzima kinapigwa Kiswahili, tena kile cha kwao hasa. Mama yake mzazi, Bi Zuwena, ndiye mkubwa wa nyumba. Ukimpita asubuhi bila shikamoo, siku yako imeharibika.

Kabla ya huku nilikuwa porini. Miaka tisa nimefanya kazi ya tracker kwenye kampuni ya uwindaji kule Rungwa. Mzungu anapiga, mnyama anakimbia, mimi ndiye nainama kutafuta damu kwenye majani. Kwa hiyo nikisema najua kitu kuhusu mnyama aliyepigwa vibaya, wakuu, najua. Sijisifu, ndiyo kazi iliyonilea.

Sasa Bwana Nassor ana rafiki yake Texas, ana shamba kubwa lenye deer. Kwa ambao hamjawahi kumuona, deer ni kama kulungu wetu aliyekula vizuri, na dume lake lina pembe zenye matawi. Humu nitamwita kulungu, twende haraka.

Kule sheria yao inaruhusu kumuwinda kwa bastola. Wenyewe wanaona hiyo ndiyo raha yenyewe, maana lazima usogee karibu kweli. Silaha unaazima palepale shambani. Kabla hujasafiri unamwandikia mwenyeji unataka ipi, anakuandalia.

Basi msimu wa kwanza, tuko barabarani, bosi akaniuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Masanja, weye mtu wa porini. Nichukue three-fifty-seven au forty-four?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nasema wazi.

Bastola nilikuwa sizijui. Kwetu porini nilizoea rifle, .375 na kupanda juu. Bastola nilikuwa naiona kiunoni kwa askari wa wanyamapori, basi. Lakini nilishasikia kwenye sauti yake kwamba anaitaka hiyo forty-four, ndiyo kubwa kati ya hizo mbili, na mimi nilikuwa na sifa yangu ya porini ya kulinda.

Nikamjibu, "Chukua kubwa sir, hiyo haina maswali."

Mliowahi kuajiriwa Uarabuni mnanielewa. Madam akiuliza kama pazia jipya ni zuri, ni zuri. Sir akiuliza kama njia hii ni fupi, ni fupi. Hiyo "yes sir" inatoka yenyewe hata kabla swali halijaisha.

Bwana Nassor akaenda Texas, akarudi kimya. Hakuna picha, hakuna stori. Nikajua kuna jambo, nikakausha.

Ukapita karibu mwaka. Ijumaa moja baada ya swala, tuko uani kwao, yeye na shemeji yake Khalfan wanapanga safari ya pili. Bosi akanipa simu yake nitazame video ambayo mwenyeji wake alimrekodi kwa nyuma ile mara ya kwanza.

Wakuu, ile video inaumiza.

Kulungu amesimama ubavu, anakula. Bosi ananyoosha mikono, na sekunde ileile kabla mlio haujatoka, mtutu unainama chini. Mlio. Kulungu anaruka, anakimbia, mguu wa mbele unaning'inia.

Walimtafuta mpaka jioni wakamkosa.

"Risasi haikuwa na nguvu," bosi akasema. "Safari hii nataka .454."

Khalfan naye akadakia, "Hiyo ndo yenyewe! Hiyo hata ukimpiga mkiani analala."

Kwa msiojua, .454 ni bastola inayopiga teke kuliko hiyo forty-four, tena kwa mbali. Na tatizo la ile video halikuwa nguvu ya risasi. Mtu alikuwa anaiogopa bastola yake, anafumba macho na kuusukuma mtutu chini kabla haijalia. Ukimpa inayotisha zaidi, atausukuma zaidi.

Bi Zuwena alikuwa karibu anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Mnyama wa watu mmemvunja mguu mkamuacha akafe kichakani. Halali hakuwa, wala hai hakuwa. Kwani kakukosea nini?"

Bosi akaichukua simu yake akaingia ndani.

Mimi nilibaki pale roho inaniuma. Nimeshafuata damu siku mbili nzima, nimemkuta mnyama amelala nzi wamemjaa na bado anapumua. Sauti ile huwezi kuisahau. Na huyu wa Texas nilimvunja mguu mimi, kwa neno langu la "haina maswali", wakati sikuwa najua chochote.

Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya safari. Nikajiambia safari hii nasema kweli, na kabla ya kusema, najua.

Kuna range moja ya ndani, ya kufanyia mazoezi ya shabaha, upande wa Al Quoz. Mwalimu wake mmoja ni dada wa Kikenya, tumwite Wanjiru, anaishi Al Qusais na tunafahamiana kwenye makundi yetu ya Waswahili. Siku yangu ya off nikamfuata. Nikamwomba anifundishe habari za bastola kama mtoto wa darasa la kwanza.

Wanjiru hana kona kona. "Manze, hiyo .454 mpatie adui yako," akasema. "Kwa deer, 9mm ni ndogo, sahau. Three-fifty-seven ndio mwanzo, ukiwa karibu na ukiweka risasi nzito ya kuwindia, si hizi za mazoezi. Forty-four ni poa zaidi, inafika mbali, lakini ni ya mtu ameizoea. Kama inakutisha, haikusaidii."

Halafu akaniambia kitu ambacho natembea nacho mpaka leo. Chukua sahani ya karatasi, ile ya kulia keki kwenye sherehe. Hiyo ndiyo saizi ya moyo na mapafu ya kulungu. Piga sita. Zote sita zikiingia kwenye sahani, umbali huo ni wako. Hata moja ikitoka nje, sogea mbele au punguza bastola.

Rahisi hivyo wakuu. Watu wanabishana kaliba humu mpaka wanatukanana, na jibu liko kwenye sahani ya keki.

Ijumaa iliyofuata nikamshawishi bosi tupite range "kuzoesha mkono". Khalfan naye akaja. Nilikuwa nimeshapanga na Wanjiru.

Wanjiru akampa rivolva ya .44. Ila kila alipojaza silinda alimpa mgongo, matundu mengine akaweka risasi na mengine akaacha wazi. Bosi hajui lipi lina kitu.

Ya kwanza ikalia, puu! Ya pili, tik. Tupu.

Na mtutu ukainama chini kama alivyoinamisha kwenye video, safari hii bila mlio wa kuuficha. Kila mtu aliona. Akarudia mara nne. Kila penye tundu tupu, mtutu chini.

Khalfan akacheka kwa sauti. Bosi akageuka kuniangalia mimi, sijui kwa nini mimi.

"Nini hii, Masanja?"

Wakuu, huyu ndiye kafeel wangu. Viza yangu iko kwake. Na naulizwa mbele ya shemeji yake na mbele ya mwanamke anayemfundisha. Lakini nikasema.

"Sir, bastola inakutisha. Mwaka jana risasi ilikuwa na nguvu ya kutosha, wewe ndiye uliyepiga chini. Na kosa lilianzia kwangu. Uliponiuliza sikuwa najua habari za bastola. Nilikwambia kubwa kwa sababu niliona unaitaka kubwa."

Khalfan akaacha kucheka.

Bosi akaiweka rivolva mezani, akavua miwani na vile vya kuzibia masikio. "Khalas. Yalla, twende nyumbani."

Siku tatu hajaniambia neno zaidi ya "kulia" na "kushoto". Huku na huku nikaanza kupanga nguo zangu kwenye begi, maana nilishaona mwisho wangu. Nikampigia mke wangu Tabora nikamwandaa kisaikolojia. Akanijibu, "Si ungenyamaza tu!" Nikamwambia mama fulani, nimeshanyamaza mwaka mzima.

Siku ya nne asubuhi, tuko kwenye taa nyekundu, sauti ikatoka nyuma.

"Masanja. Mara ngapi nyengine umenambia ndiyo na kumbe siyo?"

Nikasema isiwe tabu, nimeshalowa.

"Mara tatu sir. Njia ya Al Qusais unayosema fupi, siyo fupi, tunachelewa kila siku. Ile kofia ya kahawia haikupendezi. Na pilau uliyopika mwenyewe sikukuu, sikula. Nilimpa paka, na paka naye alinisikitisha."

Taa ikawaka kijani. Nikaanza kuendesha.

Halafu nikamsikia anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akaegemea mlango. "Hata paka?" akauliza. "Hata paka, sir."

Jioni ile akamwandikia mwenyeji wake: .357, mtutu wa inchi sita, risasi nzito za kuwindia. Khalfan alimkebehi kwamba amechukua bastola ya bibi harusi. Bosi akamwambia aje apige yeye sita kwenye sahani. Hajaja mpaka leo.

Wiki nne zilizobaki tulikwenda range mara mbili kila wiki. Wanjiru hakumhurumia. "Sir, usivute hivyo, finya pole pole. Macho wazi!" Wiki ya kwanza sahani ilipata tatu. Wiki ya tatu tano. Wiki ya mwisho, mita ishirini na tano, sita kwenye sita, na akarudia mara tatu mfululizo.

Ile range inaishia hapo hapo mita ishirini na tano, ndiyo ukuta. Nikamwambia, "Sir, umethibitisha mpaka hapa, kwa hiyo hapa ndiyo mwisho wako. Hatua thelathini. Ikizidi hata kidogo, hupigi."

Akaniangalia. "Hata akiwa dume kubwa?"

"Hata akiwa na pembe za dhahabu, sir."

Akaondoka kwenda Texas.

Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Mimi huku usingizi wa shida, kila simu ikiita nashtuka. Naogopa kusikia habari ya mguu mwingine.

Siku ya nne jioni nilikuwa nampeleka Bi Zuwena kwa dada yake. Kule Texas ilikuwa asubuhi. Simu ikaita kwenye spika za gari, bosi huyo, anahema.

"Masanja, nimepata! Jike, hatua ishirini na mbili. Risasi moja."

"Kakimbia mpaka wapi sir? Damu umeifuata vipi?"

"Sijafuata damu. Kaanguka namuona."

Bi Zuwena akainuka kutoka nyuma mpaka nikasikia pumzi yake shingoni. "Umewahi kumchinja?"

"Nimemuwahi mama, bado ana roho. Nimemchinja kwa mkono wangu."

"Alhamdulillah," akasema, akarudi kukaa.

Bosi akaendelea. "Jana, Masanja, jana alitoka dume, pembe hizo sijapata kuona. Hatua sitini. Mwenyeji ananinong'oneza piga, piga. Nikamwambia siwezi."

"Kwa nini sir?"

"Nikamwambia dereva wangu hajaniruhusu."

Wakuu, niliweka indiketa nikasimama pembeni ya barabara. Machozi yalinitoka mtu mzima mimi, mbele ya Bi Zuwena, na sikuona aibu. Mtu mwenye mali yake, amevuka dunia nzima, anaacha dume la maisha yake kwa sababu ya neno langu, ambalo safari hii lilikuwa la kweli.

Bi Zuwena akanipa tishu. "Lia mwanangu," akasema, "kisha tuondoke, dada yangu anangoja."

Nilichojifunza ni kifupi. Kwa anayetaka kuwinda kulungu kwa bastola mahali panaporuhusiwa: chagua ile unayoweza kuipiga macho wazi, halafu sahani ikupangie umbali. Na kwa sisi tulioajiriwa: ukiulizwa kitu usichokijua, sema sikijui. Kuna mtu au mnyama mahali fulani atakayelipia hiyo "yes sir" yako.

Wataalamu wa .44 na .454 karibuni mnikosoe, ila njooni na sahani zenu. Na wewe uliyewahi kumwambia bosi ukweli usoni, tupe mrejesho ilikuwaje. Hata kama ulifukuzwa, tunataka kukusikia.