Mchanga Niliouosha

Majina ya wale wanawake tuliokwenda nao Mombasa nayakumbuka yote, na ya waume wao, hata na ya ng'ombe wao wengine. Lakini sitayaandika. Wengi wameshalala, na waliobaki wana wajukuu wakali. Tena hadithi yenyewe si yao. Ni yangu na mama mkwe wangu, na mkebe mmoja wa mchanga.

Imenirudia kwa sababu juzi mjukuu wangu alinisomea kwenye simu habari za watalii wanaokamatwa uwanja wa ndege na mchanga na mawe ya baharini kwenye mabegi. Ati ufuo unaisha kidogo kidogo. Akacheka, akaniuliza, cucu, mtu mwenye akili zake anabeba mchanga wa nini? Nikamwambia aniletee chai kwanza.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa huku juu Nyeri, mahali chai inapopakana na msitu, na nilikuwa na watoto wawili. Mume wangu alifanya kazi Nairobi, tukimwona mwisho wa mwezi. Kwa hivyo nyumbani tulikuwa mimi, watoto na mama yake, na tulipatana kuliko majirani walivyotarajia.

Mume wangu alikuwa na kaka mkubwa. Wakati wa vita vya kupigania uhuru alichukuliwa na askari, akapelekwa kizuizini mbali sana, kwenye kisiwa cha baharini. Hakurudi. Kambi zilipofungwa, mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alikuja akaketi jikoni kwetu, akasema walikuwa pamoja huko, kijana akashikwa na homa, na wao wenyewe wafungwa ndio waliomzika mchangani. Hakuleta shati wala barua. Alileta maneno tu. Mama alimpa uji, akamshukuru, akamsindikiza hadi njiani. Hakusema anaamini, hakusema anakataa.

Ila kando ya ua palikuwa na kiwanja kidogo, pale kibanda cha kijana huyo kilipokuwa kabla hakijachomwa. Mama hakukubali jembe liguse hapo. Shamba letu lilikuwa dogo, tulilima mpaka karibu na mlango wa choo, lakini pale paliota nyasi tu. Siku moja nilithubutu kuuliza. Aliniuliza na yeye, akirudi atajenga wapi? Sikuuliza tena.

Basi wanawake wa kanisa letu wakapanga safari ya kwenda kuiona bahari. Tulishona magauni ya sare, ya buluu, yenye upindo mpana chini ili yakirudi mafupi yateremshwe. Nilipokuwa nikifunga kiondo changu, Mama alisimama mlangoni, akaniambia, "Niletee mchanga wa huko. Wa kujaa mkono tu." Nikadhani nimemwelewa. Nikadhani anataka kushika kitu cha mahali alipolala mwanawe, kwa maana kisiwa ni mbali na Mombasa lakini bahari ni moja. Nililia kidogo ndani ya basi, nikawaambia wenzangu ni vumbi.

Bahari sitaieleza, walioiona wanaijua. Nitasema tu kwamba tuliingia na magauni yetu tumeyashika magotini, watu wazima, wake za wazee wa kanisa, na wimbi la kwanza lilipokuja tulikimbia kama kuku. La pili lilinikuta nimeinama nachota mchanga, likanivika maji mpaka kiunoni. Wenzangu waliokota kombe, mmoja akabeba jiwe lenye matundu, kubwa kama kichwa cha mbuzi, ati la kushikilia mlango. Kijana mmoja wa huko alitutazama akasema, "Kina mama, tubakishieni bahari kidogo. Na sisi twaitumia." Mwenyekiti wetu akamjibu kwamba mlima wetu wanaumega kila siku wazungu wenye viatu vikubwa, na hatujawahi kulalamika.

Sasa, mchanga wangu ulinuka. Ulinuka samaki na majani yaliyooza, na ndani mlikuwa na kidudu kilichotembea upande upande. Mimi nililelewa kwamba mkubwa hapewi kitu kichafu. Hata viazi vitamu unavipeleka kwa mtu vimeoshwa. Kwa hivyo jioni, pale tulipolala, niliomba karai, nikauosha mchanga ule bombani. Nikamwaga maji, nikauosha tena. Mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe. Mama mmoja mpishi wa pale alisimama akanitazama sana.

"Waosha mchanga, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Ni wa zawadi."

"Haya. Ukimaliza, uyaanike na maji."

Nilicheka naye bila kujua nacheka nini. Gauni langu lililolowa nililikunja hivyo hivyo, nikalitia chini kabisa ya kiondo, kwa aibu.

Nilifika nyumbani siku ya Jumatano. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, hakutaka hata nipumzike. Nikafungua mkebe niliobebea mchanga, nikaumimina kiganjani mwake. Ulikuwa safi, unang'aa, nikaona fahari. Akautazama, akausugua kwa kidole gumba. Halafu akachukua kidogo akautia mdomoni.

Nilishtuka. Akautema, akachukua mwingine, akaulamba polepole.

"Huu umeutoa baharini kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu, Mama."

Akaanza kucheka chini chini. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Yule mzee, siku ile jikoni, alimwambia kwamba mchanga wa huko ni chumvi tupu. Kwamba kiazi kikianguka chini ulikiokota ukala hivyo hivyo, kimeshakolea. Aliapa. Na Mama alikuwa ameyashika maneno hayo miaka yote, kwa sababu katika habari ile yote hilo ndilo pekee ambalo lingeweza kupimwa.

"Hauna chumvi hata kidogo," akaniambia. "Mtu yule hakuwahi kuiona bahari. Na kama hakuiona, alimzikaje mwanangu?"

Nilifungua mdomo. Bahari nilikuwa nimeionja mwenyewe, ilinichoma koo. Chumvi nilikuwa nimeimwaga mimi, kwa karai, mara tatu. Lakini uso wa Mama sikuwahi kuuona vile. Ulikuwa uso wa msichana. Nikafunga mdomo.

Siku ya pili yake alichukua panga akafyeka nyasi za kile kiwanja. Alimwita jirani akamuuliza bei ya miti ya kujengea. Alipika irio akaimba, na watoto wangu wakaniuliza nyanya ana nini. Mimi nilizunguka nyumba kama mwizi. Nilijua Jumapili atakwenda kanisani, na pale atakutana na wanawake wote wa safari, na hata mmoja wao hataacha kumsimulia jinsi bahari ilivyo na chumvi. Ataambiwa mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu. Na kama nikimwambia mimi kwamba niliuosha, nitakuwa nimemletea nini? Maneno tena. Ya mzee alikuwa nayo.

Jumamosi nilitoa nguo za kufua. Gauni la buluu nililikuta limekauka, gumu kama kadibodi. Nilikuwa nimeshalining'iniza juu ya karai, karibu kulizamisha, nilipohisi upindo wa chini ni mzito. Nikaukamua kwa vidole. Ndani kulikuwa na kitu kama uwele, kinasogea.

Nilikaa pale muda mrefu na gauni mkononi. Maji yalikuwa tayari, sabuni ilikuwa tayari. Ningelizamisha tu.

Nikaenda kwake. Nikapiga magoti, jambo ambalo sisi hatulifanyi sana, nikamwekea gauni mapajani. Nikamwambia nimeosha mchanga wake kwa sababu ulinuka, na huu wa hapa haujaguswa na maji ya bomba. Aliomba wembe. Nilitaka kumsaidia, macho yake hayakuwa mazuri, akauondoa mkono wangu. Alifumua mshono mmoja mmoja mpaka ukamwagika kiganjani, kijiko kimoja hivi, mweusi mweusi na nyuzi za buluu ndani. Akaulamba.

Kuku walikuwa wakiparua pale kiwanjani alipofyeka. Aliwatazama mpaka nikadhani amenisahau.

"Basi hakunidanganya," akasema. "Kumbe alizikwa na watu."

Kisha akataja jina la mwanawe. Nilikuwa nimeishi naye miaka sita sijalisikia mdomoni mwake. Alilitaja taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Hilo pia sitaliandika.

Baadaye aliniuliza, "Ulijua tangu Jumatano?"

"Nilijua, Mama."

"Na gauni ulikuwa ulifue."

"Lilikuwa juu ya karai."

Akanishika kichwa kwa mkono uliokuwa na mchanga. Usiku nilipovua kitambaa nilizikuta chembe kwenye nywele.

Ule mchanga safi tulisugulia sufuria mpaka ukaisha. Ule wa upindo aliufunga fundo kwenye pembe ya leso. Mvua ziliponyesha aliniambia nilete jembe, tukalima kile kiwanja pamoja, yeye mbele, tukapanda viazi. Vya kwanza tulivichemsha na maganda yake. Alifungua fundo, akautazama mchanga, akalifunga tena, akaniambia nitie chumvi ya dukani.