Mshumaa wa Kidege

Mwezi uliopita nilikwenda Observatory, mtaa wa Johannesburg, kumwona dada mmoja wa kwetu Tanga aliyejifungua. Sikuuliza ni jengo gani. Nilifuata ramani ya simu, nikapanda ngazi na mfuko wangu wa nepi na unga wa uji, na nilipofika ghorofa ya pili miguu ilitambua kabla ya kichwa. Mlango ni ule ule. Umepakwa rangi juu ya rangi, lakini kwenye mwimo wa kulia bado yapo matundu mawili ya skrubu yaliyokaa mshazari. "Karibu ndani dada, mbona umeganda hapo?" mzazi akaniita. Nikaingia, nikampokea mtoto, nikasema mashaallah, na moyo wangu wote ukawa umebaki nje.

Matundu yale yalishika kijumba cha shaba chenye maneno ya Torati ndani yake. Bibi alikigusa kila alipoingia, kisha akabusu vidole. Mimi nilimwita Bibi kwa sababu mama alinifundisha hivyo, ingawa hakuwa bibi yangu. Alikuwa kizee wa Kiyahudi, mfupi, miwani minene, na sisi tulikuwa mlango unaotazamana na wake. Baba alitengeneza friji kule Bertrams. Mama alikaanga sambusa akauza sokoni Yeoville, na mimi nikitoka shule nilikaa kwa Bibi mpaka mama arudi.

Urafiki wao ulianzia kwenye harufu. Siku moja kizee aligonga mlango wetu akiuliza ni nini hicho kinachonukia hivyo. Mama alikuwa bado anawaogopa wazungu wa jengo lile, akampa sambusa haraka kama anayelipa faini. Bibi akauliza ni nyama gani. Mama, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akaapa kuwa nguruwe haingii nyumbani kwake. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta, lakini hakula, kwa kuwa nyama ile haikuchinjwa na watu wao. Mama hakukasirika. Alikwenda kununua karai jipya na mafuta mapya, akamkaangia kachori za viazi. Tangu siku hiyo karai lile liliitwa karai la Bibi, na halikuguswa na kitu kingine. "Watu wa Kitabu hawa," baba alisema, "wana masharti yao kama sisi."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu. Nilikuna karoti mpaka vidole vikageuka rangi ya machungwa, naye akazipika na asali taratibu. Kulikuwa na samaki wa kusaga aliyetiwa sukari, ambaye mpaka leo sijamsamehe. Unga wa mkate aliugawa kamba kamba, akanifundisha kuusuka, na mama alipoona akasema, ah, hii si ni mabutu tu! Nje wale ndege wa Johannesburg wenye midomo mirefu walilia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na mvua ya mawe ikija ilipiga madirisha tukashindwa kusikilizana. Bibi aliongea na unga wake kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwao. Nilipomwona ana huzuni nikamwuliza kwa nini asipumzike, alijibu, "Hamira haingoji mwenye msiba amalize kulia."

Kwao kulikuwa mji mdogo wa Lituania, wenye soko, mto, na msitu wa misonobari upande mmoja. Baba yake alitangulia kuja Johannesburg kutafuta maisha, akamwacha mkewe mjamzito. Baadaye akamwita binti mkubwa, ndiye Bibi, aje kumpikia. Waliobaki walikuwa mama, wavulana wawili, na kitinda mimba wa kike mwenye miaka miwili ambaye baba hakuwahi kumtia machoni. Mama hakuweza kuondoka, kwani alikuwa akimuuguza mama yake kitandani. "Tangulia wewe," alimwambia binti. "Bibi yako akishapumzika tutakuja sote." Lakini mgonjwa yule hakufa mwaka ule wala uliofuata. Kisha mwaka wa tano vita vya Wajerumani vikafika, na Wayahudi wa mji ule, wenye afya na wagonjwa, wakapelekwa msituni wakapigwa risasi kandokando ya shimo. Bibi alinieleza hayo kwa maneno machache, jinsi mtu mzima anavyomweleza mtoto kwamba jiko ni la moto.

Yule mdogo walimpa jina la mapenzi lenye maana ya ndege mdogo. Mama yangu akalitafsiri: Kidege. Alikuwa halali mpaka ashike sikio la mtu. Herufi "r" ilimshinda.

Mwaka mmoja mfungo mkubwa wa Bibi uliangukia ndani ya Ramadhani yetu. Mama alifurahi kama aliyepata mwenzake wa safari. Jioni ya kuanza mfungo ule, kabla ya jua kuzama, Bibi alikuwa na desturi ya kuwasha mishumaa iliyo ndani ya bilauri, kwa ajili ya wafu wake. Wa baba yake aliuwasha siku yake mwenyewe, kwa sababu alifia hapa na siku yake ilijulikana. Wale wengine hawakuwa na siku. Mama aliitazama mishumaa, akaihesabu kwa macho, akaniambia nimuulize.

"Bibi, mama anasema minne. Mama yako, bibi yako, kaka wawili. Na Kidege?"

"Huyo si maiti," Bibi akasema.

Hapo ndipo tulipojua. Baada ya vita, mtu mmoja wa mji wao aliyenusurika alimwambia baba yake Bibi kwamba watu walipokuwa wakikusanywa, mwanamke aliyekuwa akiwafulia nguo alimvuta Kidege kupitia uani. Hakujua zaidi. Bibi alikuwa ameishi na habari hiyo tangu usichana wake mpaka uzee. Dukani na kwenye foleni za benki aliwatazama wanawake wa umri ule usoni mpaka wakamgeukia. Kila mwaka alimwongezea mdogo wake mwaka. "Sasa ana mvi," alituambia. "Magoti yanamsumbua, maana ya mama yetu yalimsumbua."

"Inshallah atapatikana," mama akasema, na alimaanisha. Jioni ya pili tulifungua sote mezani kwake, kwa tende zetu na supu yake.

Majira ya baridi yaliyofuata akaja mtoto wa pekee wa Bibi, mwanamume wa makamo aliyehamia Australia. Alikuwa ametoka Lituania. Bibi mwenyewe ndiye aliyemtuma, baada ya miaka mingi ya kumsihi. Ilikuwa Jumapili mchana, hita ya mafuta ya taa inanuka, na mama alikuwa ameleta kachori kumkaribisha mgeni. Yule bwana aliikata kachori vipande vipande bila kuila.

"Mama, nilimpata binti wa yule dobi."

Bibi akaweka kijiko chini. "Yu hai?"

"Ni kizee sana. Wakati ule alikuwa msichana mkubwa. Anakumbuka."

Akatutazama mimi na mama. Bibi akasema, "Hawa ni wa nyumbani. Sema."

"Walimficha darini, juu ya zizi la ng'ombe. Hakukaa sana. Jirani aliwachongea. Wakaja kumchukua asubuhi, dobi akapigwa, na mtoto akapelekwa kule kule msituni."

"Wajerumani?"

"Hapana, mama. Watu wa mji. Anawajua. Mmoja alikuwa akiwaletea nyinyi maziwa."

Kisha Bibi akauliza, "Alikuwa amevaa viatu?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza." Akafikiri. "Majani yalikuwa yameshaanza kuanguka kwa baridi?"

"Yalikuwa yameanza."

Mama hakuelewa kila neno, lakini alielewa. Akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, akainuka, akakiegemeza kichwa cha Bibi tumboni mwake, kama wanawake wetu wanavyomshika mfiwa. "Pole, Bibi. Pole." Bibi hakulia. Alizungumza akiwa amejibanza pale pale kwenye khanga ya mama, na mimi nikamtafsiria mama.

"Nimemzeesha bure. Nimempa mvi, nimempa mume na wajukuu. Kumbe ana miaka saba."

Mfungo wake uliporudi, aliwasha mishumaa mitano. Hakutuita. Niliiona kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Baada ya hapo hakumtazama tena mwanamke yeyote usoni, na Ijumaa moja nilipofika nikakuta karoti ziko kwenye mfuko hazijaguswa. "Nenda kacheze," aliniambia. Mwanawe akampeleka kwenye nyumba ya wazee kaskazini mwa jiji. Mimi na mama tulikwenda kwa teksi mbili kumwona. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote, wauguzi hawakumwelewa, na pale hapakuwa na aliyebaki anayejua Kiyidi vizuri. Basi yeye alisema Kiyidi na mama akamjibu Kiswahili, mpaka muda wa wageni ukaisha. Alikufa kabla ya mvua. Makaburini wazee wa kiume walikuwa wachache hata ikabidi wasubiriane watimie wanaume kumi ndipo sala yao ianze.

Sinagogi alimokuwa akiswali sasa ni kanisa la ndugu zetu Wakongo, wanaimba vizuri kwa Kiswahili chao. Mama amerudi Tanga, anasahau mambo. Mtoto wa Bibi naye amefariki. Nimeutafuta ule mji kwenye ramani kwa jina alilolitamka yeye kwa Kiyidi, siuoni. Nadhani una jina jingine la wale waliobaki. Nimejaribu kuwasimulia wanangu, lakini Kiswahili wanakisikia kwa sikio moja na kujibu kwa Kiingereza, na nikiisimulia kwa Kiingereza inakuwa kama kitu cha shuleni.

Watu husema tusisahau. Nakubali, rafiki yangu, lakini kusahau kunahitaji kwanza awepo aliyejua. Bibi mwenyewe alimjua mtoto wa miaka miwili tu: sikio, na ile "r". Huyo ndiye aliyenipa mimi, na ndiye ninayekupa wewe. Yule wa miaka saba, aliyelala juu ya ng'ombe akingoja mama yake, aliogopa nini, aliimba nini, kama alikuwa ameshajifunza kuitamka "r", wote waliomjua waliingia naye shimoni, isipokuwa binti wa yule dobi, naye sasa atakuwa ameshakufa. Hakuna wa kumuuliza. Na hata vile viatu, hatutajua.