Tao la Noeli Lililowahi Kusimama

Kosa langu lilikuwa kusimamisha tao la Noeli langoni kwetu Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, katika mji ambao kila mtu anajua tao la matawi ya mchikichi maana yake ni nini. Hata mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa mgeni, ningejitetea kwa ugeni.

Nilizaliwa kambini Tanzania, kama vijana wengi wa hapa Rumonge ambao wazazi wao walikimbia vita, lakini tuliporudi nilikuwa bado mdogo, na nimekulia hapa. Harusi nimeziona. Siku ya kutoa mahari, ambayo sisi tunaiita dote, watu wa nyumbani kwa msichana wanakata migomba miwili, wanaisimamisha pande mbili za lango, halafu wanakunja matawi ya mchikichi juu yake mpaka yanakutana. Mpita njia akiona hivyo hana haja ya kuuliza. Anajua humo ndani kuna binti anayeolewa, na kama anafahamiana na wenye nyumba ataingia kuwapongeza. Karibu na Noeli mambo hubadilika. Kuanzia tarehe ishirini hivi, kila nyumba ina tawi lake, kanisa lina tao, hata vibanda vya simu vina tao, na hakuna anayefikiria harusi. Matawi ni yaleyale, yanatoka kwenye michikichi ileile. Tarehe ndiyo inayosema.

Upambaji sikufundishwa na mtu. Nilishindwa mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, nikabaki nyumbani na simu yangu na aibu yangu. Nilikuwa nasimama nje ya malango ya watu nikitazama mafundi wanavyosuka matawi, kisha nakwenda kufanya mazoezi nyuma ya jiko. Tatizo langu ni kwamba siwezi kuacha kitu kikiwa karibu sawa. Fundo likikaa vibaya nalifungua, nalifunga, nalifungua tena mpaka kamba inachakaa. Mama alisema nina ugonjwa wa kunyoosha: viatu mlangoni, picha ukutani, mashuka kwenye kamba. Alikuwa anatania, lakini mimi usingizi ulikuwa hauji kama picha imepinda.

Mwaka ule tulikuwa tumehamia nyumba iliyo kando ya barabara kuu, ile inayotoka Bujumbura na kupita Minago kuja kwetu. Baba alikuwa Bujumbura kwenye kazi za ujenzi na alitarajiwa siku za Noeli. Nikajiambia kwamba sasa kazi yangu itaonekana. Kwenye simu nilikuwa nimesoma kwamba watu wanaojua kupamba wanaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, kama wiki nne kabla ya Noeli, wala hawangoji dakika ya mwisho. Niliishika tarehe hiyo kama amri ya Mungu.

Nilimwambia mama akiwa uani anachambua ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Bado," akasema. "Ngoja wengine waanze."

"Wengine wanaanza wakati umeshapita, mama."

"Basi ngoja kidogo tu."

"Unaogopa majani yatakauka? Hayakauki. Nitachomeka vikonyo vyake kwenye magogo ya migomba, mule ndani mna maji. Na nitayanyunyizia asubuhi na jioni."

Mama akarudia ndagala zake. Dada yangu alikuwa kizingitini akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakuinua kichwa. Mimi nikachukua kimya chao kuwa ruhusa.

Dada ndiye mkubwa wetu, mwalimu wa shule ya msingi. Kiangazi cha mwaka huohuo alikuwa aolewe. Kijana alikuwa wa Gitaza. Familia yake ilikuja kujitambulisha, tukanywa pamoja, tukacheka, siku ya dote ikawekwa. Ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Halafu mama wa kijana akapiga simu kusema mwanawe ameona bado hajawa tayari. Haukupita muda tukasikia kwamba amekuwa tayari, ila kwa msichana mwingine. Dada hakulia mbele yetu. Alikunja imvutano zake, zile nguo za kufunga begani alizokuwa ameshazitayarisha, akaziweka chini kabisa ya sanduku, akarudi shuleni. Tangu siku hiyo jambo hilo halikutajwa nyumbani.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimepanga urefu wa matawi, rangi ya riboni, hata upande ambao jua litapiga wakati wa asubuhi. Dada sikumpanga mahali popote.

Jumamosi hiyo mama alikuwa shambani kwenye mihogo, dada yuko parokiani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikata migomba miwili nyuma ya nyumba na matawi kutoka michikichi yetu michache. Kuna tao nililokuwa nimeliona kwenye harusi moja kule Kigwena, zuri kupita yote niliyowahi kuona, nikalinakili fundo kwa fundo. Lile lilikuwa na kitambaa cheupe juu, kwa hiyo na mimi nikachukua pazia letu jeupe. Mipira myekundu ya Noeli niliitundika mwishoni, ikamezwa na majani.

Pikipiki zikaanza kupiga honi zikipita, honi ndefu za kuchezacheza. Nilipunga mkono kama mtu mkubwa. Mwanamume mmoja alisimama akauliza fundi ni nani, akachukua namba yangu. Nakiri kwamba kwa muda mrefu sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Halafu nikasikia vigelegele. Ng'ambo ya barabara anakaa jirani yetu, mama wa Kikongomani aliyetoka upande wa Kivu ya Kusini, anauza ndagala na mawese. Alikuwa amebadilisha kitenge, amevaa kipya, na kichwani ana beseni la unga wa muhogo.

"Aya! Munatuficha? Sisi majirani tuko watu bure?"

"Amahoro, mama," nikamsalimu.

"Amahoro gani! Mutoto yetu anaolewa, na mimi naonea ku barabara kama mupita njia! Dada yako iko wapi? Iko anasukwa nywele?"

Hapo ndipo nilipogeuka na kulitazama tao kwa macho ya mtu aliye barabarani. Migomba miwili. Kitambaa cheupe.

"Ni la Noeli, mama," nikasema.

"Noeli ya nani? Mwezi wa kumi na mbili haijafika! Acha kunichezea, we kijana." Akapiga vigelegele tena.

Hapohapo dada akatokea kwa miguu pamoja na wanakwaya wawili. Niliuona uso wake nikajua kwamba ameshapongezwa njiani.

"Mwalimu, kumbe wewe ni mtu wa siri hivi!" mmoja wa wale wanakwaya alikuwa anasema. "Hata kwaya hatujui?"

"Na tutaimba nini sasa?" mwenzake akadakia. "Tutamwingiza bibi harusi kwa nyimbo za Majilio?"

Dada alifika chini ya tao akasimama. Aliitazama migomba, akalitazama pazia la sebuleni kwetu likining'inia juu yake. Kisha akatabasamu, tabasamu analowapa wazazi wa wanafunzi.

"Ni mdogo wangu huyo," akasema. "Hana subira na Noeli."

Wakacheka wote. Kicheko hakikufika mbali, kwa sababu nadhani kila mmoja alikumbuka habari ya Gitaza katikati yake. Yule mama jirani alishusha beseni polepole. "Basi," akasema kwa sauti ndogo, "unga nao iko wa Noeli." Akaliacha beseni palepale, akavuka barabara bila kugeuka. Wanakwaya wakaaga.

Tulipobaki wawili, dada aliniambia, "Kitoe hicho kitu."

Nilichomjibu sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

"Ngoja kidogo, dada. Upande wa kulia umepinda. Niunyooshe, nipige picha, halafu natoa."

Hakunikaripia. "Sawa," akasema. "Nyoosha." Akaingia ndani.

Na mimi nikanyoosha. Nilipanda kigoda, nikafungua mafundo ya upande wa kulia, nikayafunga upya, nikapiga picha. Mvua ikaanza, nikasema nitalitoa ikikatika. Ilipokatika giza lilikuwa linaingia, nikasema kesho ni Dominika, watu wakipita kwenda misa wataelewa wenyewe kwamba ni mambo ya Majilio. Mama aliporudi kutoka shambani alipita chini ya tao na jembe lake, akaingia ndani. Ukweli ni kwamba nililihurumia. Lilikuwa zuri.

Kesho yake tulikuwa mezani baada ya misa simu ya mama ilipolia. Alikuwa mama wa yule kijana wa Gitaza. Ndugu yao alikuwa amepita na gari akaona.

"Amahoro, amahoro," mama alisema. Akasikiliza. "Hapana." Akasikiliza tena. "Hapana, si yeye. Hakuna anayeolewa." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakusanya punje za wali zilizoanguka mezani. "Ni mapambo ya Noeli tu, mtoto wa kiume alikuwa anacheza. Murakoze. Murakoze cane," akamshukuru.

Aliiweka simu kando ya sahani. "Alikuwa anapongeza," akasema. "Anasema alipoambiwa alifurahi, moyo wake ukatulia."

"Ukamwambia hakuna?" dada aliuliza.

"Ningemwambia nini, mwanangu?"

Dada alitafuna, akameza, akanywa maji. "Ungewaacha wadhani yupo anayenioa," akasema. "Hata kwa wiki moja tu."

Nilitoka nje nikalibomoa. Nililibomoa vibaya, kwa kuvuta, na pazia likachanika. Mama alinifuata akasimama karibu na lango.

"Nilikwambia bado."

"Nilidhani unasema majani, mama."

"Majani!" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na utani. "Wewe kila siku unaona majani."

Niliyarundika matawi nyuma ya jiko, vikonyo vikiwa bado ndani ya magogo ya migomba. Hesabu zangu za maji zilikuwa sahihi: yalikataa kukauka. Kila asubuhi dada akienda kuchukua maji ya kuoga aliyapita yakiwa mabichi, na mimi nilikuwa nayatazama kupitia dirisha nikiyaombea jua kali, na mvua ya msimu inanyesha tu. Yule mwanamume aliyechukua namba yangu alipiga. Niliiacha simu ilie mpaka ikanyamaza.

Kuomba radhi nako nikakufanya kama kazi ya mafundo. Nilitunga maneno, nikayaona hayatoshi, nikatunga mengine. Nikitaka kuyasema naona sentensi ya pili imekaa vibaya. Siku zikaenda hivyo, sisi tukisalimiana vizuri, tukipishana vizuri, mpaka jioni moja nilimkuta uani anapiga viatu vyake vya shule kiwi, na maneno yote yakanitoka kichwani.

"Dada, lile tao," nikasema.

"Najua."

"Nilinyoosha upande wa kulia."

"Nilikuona. Nilikuwa dirishani." Alipuliza vumbi kwenye kisigino. "Ulinyooka?"

"Ndiyo."

"Haya."

Alinipa kiatu cha pili na kitambaa, nikakaa kwenye kigoda kilekile nilichopandia, nikapiga kiwi. Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Sijathubutu kuuliza.

Noeli ilipofika nyumba za barabara yetu zote zilikuwa na matao. Yetu peke yake haikuwa na kitu, na baba aliporudi kutoka Bujumbura aliuliza fundi wa nyumba amepatwa na nini. Mama akamwambia nina homa. Picha ile niliifuta mwaka mpya. Haikuwa rahisi kuifuta, na hilo pia ni la aibu: kabla ya kubonyeza niliikuza nikaangalia tena upande wa kulia.

Miaka imepita kidogo. Dada bado anafundisha, hajaolewa, na jirani yetu wa ng'ambo akija kwetu na unga wake anataja hali ya hewa na bei ya ndagala tu. Napamba harusi za watu sasa, na kila mara nauliza kwanza kwa binti mwenyewe kama siku imethibitishwa, hata kama baba yake ameshanihakikishia. Nyumbani kwetu hakuna tao langoni. Mapambo yanakaa sebuleni, na siku ya kuyatundika anaitaja dada. Mimi sikati tawi kabla hajasema. Mwaka jana alisema tarehe ishirini na tatu, baada ya chakula. Nilitundika. Mpira mmoja ulikaa chini kuliko wenzake, nikauona, nikauacha.